Sauti Yako Ilipobaki Hewani

Mwalimu wangu Bi Rukia,

Shikamoo. Kwa muda mrefu nilishindwa kukuamkia. Kila nikifungua mdomo ilitoka sauti yako, na mtu hajiamkii mwenyewe. Leo naweza, ndiyo maana nimekaa kukuandikia. Barua nimeiacha wazi ili na wale wasikilizaji waliokuwa wakipiga simu kuuliza kama nimerogwa wajue yaliyotokea.

Unakumbuka nilivyokuja kituo cha redio, Nguvumali? Nilikuwa na stashahada yangu ya uandishi wa habari ndani ya bahasha ya kaki, viatu vimenibana, na kiburi cha kuwatosha watu watatu. Wenzangu niliosoma nao walitaka kusoma habari au kupiga muziki. Mimi nilikutaka wewe. Ulikuwa ukisoma matangazo ya vifo kila siku saa saba mchana, na tangu utotoni nilikuwa nimeona Tanga inavyokuwa ukianza. Fundi baiskeli wa Ngamiani husimamisha gurudumu kwa kiganja. Mama muuza mihogo hupunguza moto chini ya karai. Hakuna anayeambiwa anyamaze. Nikajisemea kwamba mwenye uwezo wa kunyamazisha mji mzima, huyo ndiye wa kunifundisha.

Nilikuvizia ukinywa chai yako ya tangawizi, nikakuambia nataka kuwa kama wewe. Hukufurahi hata kidogo. Ulinitazama juu mpaka chini, ukaniambia, "Kuwa kama mimi si kazi. Kazi ni kujua. Kesho njoo uniambie unataka kujua nini."

Niliudhika, nisikufiche. Nilidhani unanifukuza kwa adabu za kipwani. Lakini kesho yake nilikuja na swali: kwa nini ukishasema "marehemu" unatulia kidogo kabla ya kutaja jina? Ukanijibu kuwa ni ili mwenye mtu wake apate kukaa kitako. Sijawahi kusikia jibu zuri kama lile darasani, na tangu siku hiyo nikawa sikukaribii bila swali mkononi. Hivyo ndivyo nilivyokutumia, na sioni haya kulitumia neno hilo. Vijana wengi humtafuta mkubwa wa kazi ili awabebe. Wewe ulikataa kunibeba, ukanionyesha pa kukanyaga.

Na namna yako ya kufanya kazi ilinitia hofu mwanzoni. Kabla ya kipindi ulifunga mlango wa studio, ukazima maikrofoni, ukayasoma majina yote ya wafu kwa sauti, moja moja, na baada ya kila jina ukasubiri. Ulisema jina la maiti halisomwi mara ya kwanza mbele za watu. Lazima umbishie hodi kwanza. Nilikuuliza unasubiri nini, ukasema unasubiri uhisi kama amekubali. Nami mtoto wa Kilutheri kutoka Pongwe, mjukuu wa mkata mkonge, nikakaa pembeni yako nikisubiri pamoja nawe.

Kisha ukaanza kunifuatisha. Wewe jina, mimi jina. Wewe "anatangaza kifo cha", mimi "anatangaza kifo cha". Sijakaa chuo cha Kurani kufuatisha herufi nyuma ya mwalimu kama ulivyokaa wewe utotoni, lakini kwako nilikaa. Nilikuwa nasema "zambi" na "gafla". Ulinirudisha mpaka ulimi ukanyooka. Ulinifuatisha na pumzi, na kile kikohozi chako kifupi cha kusafisha koo kabla ya jina la kwanza. Katika vikao vya meneja ulilitaja jina langu mimi nikiwa sipo. Ulipopewa kipindi cha jioni ulisema una kichwa kinauma, nipewe mimi. Kichwa hakikuwa kinauma, nilijua, nawe ulijua kuwa najua.

Halafu ukaanza kuugua koo.

Sipendi kukumbuka miezi ile. Sauti yako ilikuwa ikikonda, na yangu ikinenepa. Asubuhi moja nilimsalimia Shabani, fundi mitambo wetu, nikiwa nyuma yake. Akajibu, "Shikamoo mama," akasimama, akageuka, akaniona ni mimi, akakaa chini polepole. Yeye ana ndevu nyeupe na mimi namwamkia kila siku. Baada ya hapo nikaanza kusikia minong'ono jikoni kwamba nimekufanyia chuma ulete ya sauti, kwamba kila tukifungiana studioni natoka nayo kidogo. Nilikuja kwako nikilia kwa hasira, nikitaka uwagombeze.

Ulicheka, kicheko cha upepo mtupu, koo halikuwa na kitu tena. Ukaninong'oneza, "Waache. Hakiibwi kinachotolewa. Nichukue mpaka niishe, Felista, ndiyo maana ya mwalimu. Lakini usije ukabaki na mimi peke yangu."

Sehemu ya kwanza niliielewa siku hiyohiyo. Ya pili niliiona ni maneno ya mgonjwa.

Walikupeleka Dar es Salaam hospitali, na huko ndiko ulikofia. Mwili ulifika Tanga asubuhi, maziko yakapangwa baada ya alasiri, na tangazo likaletwa mezani kwangu. Nilifunga mlango. Nilizima maikrofoni. Nikataja jina lako, nikasubiri. Bi Rukia, nilisubiri sana. Kisha kifuani mwangu kikatoka kikohozi chako, kile kifupi, na mimi sikuwa nimekikohoa. Naapa sikukikohoa. Ng'ambo ya kioo niliona Shabani anavua vifaa vya masikioni na kuviweka mezani kana kwamba vimemchoma, ingawa maikrofoni ilikuwa bado imezimwa.

Nikafungua maikrofoni, nikakusoma. Sikutetemeka hata neno moja, na hilo ndilo lililoniogopesha, maana mikono yangu ilikuwa ikitetemeka kweli. Mikono ilikuwa yangu, sauti haikuwa yangu. Nilipomaliza simu zikaanza kuingia. Mwanamke wa kwanza aliomba tumfikishie Bi Rukia pole kwa kufiwa na mtu wa jina lake.

Meneja alifurahi. Baada ya matanga aliniita, akaniambia wasikilizaji hawajahisi pengo, kwamba niendelee vivyo hivyo, nisibadilishe chochote, na kwamba nafasi yako ya mkuu wa watangazaji itakuwa yangu. Nilitoka ofisini kwake nikitabasamu. Hicho ndicho nilichokuwa nimekifuata tangu siku ya ile bahasha ya kaki. Nikanyanyua simu ya ofisini kumpigia mama yangu Pongwe nimpe habari.

Nilisema, "Mama, shikamoo." Mama yangu mzazi akasema kwa heshima kubwa, "Samahani mama yangu, nadhani umekosea namba. Usiniamkie, wewe ni mkubwa." Akakata. Nikapiga tena, nikasema ni mimi, ni Felista. Safari hii heshima ilikuwa imekwisha. Aliniuliza mimi ni nani na nimemfanya nini mwanawe.

Simu ikakatika. Nikajaribu kusema jina langu peke yangu pale ofisini. Ulilisema wewe.

Nilijidanganya kuwa ni uchovu. Nikaendelea kusoma, kila siku saa saba, na kila siku simu zikaja za watu kukusalimia wewe. Wengine walijua umekufa na bado walikusalimia. Mimi nilizoea. Hilo nalo linatisha, jinsi mtu anavyozoea.

Mpaka alipokuja mdogo wako, Saada. Alinikuta nje ya kituo mchana, jua kali, amejitanda mtandio mweusi. Nilipomwambia karibu, alifumba macho na kushika ukuta. Alipopata nguvu alinieleza jambo ambalo familia yenu ilikuwa imelificha kwa aibu. Mama yenu hajakubali kuwa umekufa.

Walimwambia asubuhi ile mwili ulipofika, akaanza kulia. Macho yake hayaoni tena, unajua, na yuko kitandani. Akalia mpaka saa saba. Kisha redio ya jirani ikafunguliwa, na yeye akakusikia wewe, ukilitaja jina lako mwenyewe bila kutetemeka. Akanyamaza papo hapo. Walipotaka kumsogeza kwenye jeneza akupapase uso kwa mara ya mwisho, alikataa kuguswa. Alisema hiyo ni maiti ya watu, warudishiwe wenyewe. Alisema maiti hajitangazi.

Tangu hapo kila mchana huwekewa redio kifuani. Saada alisema, "Arobaini imekaribia, na mama amekataza hitma isisomwe. Asema mwawezaje kumsomea hitma mtu aliyesema leo mchana?"

Nilimuuliza kwa nini hawakumweleza kuwa ni mimi. Walimweleza. Hakuamini, na angeaminije, maana kwa desturi uliyonifundisha msomaji wa vifo hajitaji jina. Hewani hakuna Felista. Kuna sauti tu, na sauti ile mama yako anaijua kuliko mtu yeyote.

Niliomba nikaongee naye mwenyewe. Nilidhani akinisikia karibu, atajua.

Nyumba yenu ya Ngamiani ilikuwa na ubaridi ingawa nje kulikuwa kunachoma. Nilipiga hodi mlangoni pa chumba chake, na kabla mguu haujavuka kizingiti akanyoosha mkono kunielekea. Sauti yake ilikuwa imekauka, mnong'ono tu, ilibidi niiname.

"Waja leo," akasema. "Siku zote hizi wasema redioni, nyumbani huji."

Nikamwambia, "Mama, mimi si Rukia." Nilijitahidi kuisema kwa sauti yangu. Nilikwenda kuitafuta chini kabisa, huko Pongwe, kwenye kisima cha shule, kwenye kwaya ya watoto. Haikuwepo. Iliyotoka ni yako, tena nzuri kuliko zote nilizowahi kuzitoa.

Akacheka taratibu. "Mtu mwingine angejifanya wewe. Anayejikana ni mwenye hasira. Najua kosa langu. Nilikwambia nenda Dar es Salaam, usirudi mpaka upone. Ni maneno ya mama mwenye uchungu, mwanangu, nilitaka upone. Sasa umepona, koo limefunguka, dunia nzima yakusikia. Mbona hurudi?"

Saada alitoka nje. Mimi nilikuwa nimeshikwa mkono na sikuweza kutoka. Mama yako hakuwa amefurahi, Bi Rukia, kama nilivyokuwa nimemdhania njia nzima, kwamba angalau amebakiwa na faraja ya uongo. Alikuwa akiteseka. Kila mchana saa saba alikuwa anamsikia mwanawe mzima, aliyemsusa.

Akaniuliza, "Umenisamehe?"

Nilikuwa bado nafikiri la kujibu. Nasema kweli, nilikuwa bado nafikiri, na mdomo wangu ukasema, "Nimekusamehe, mama." Mpaka leo sijui ni nani aliyesema. Kama ni wewe, sawa, ilikuwa haki yako. Kama ni mimi, nimesamehe kisichokuwa changu. Nilichokijua pale ni kwamba sitakaa tena mbele ya maikrofoni na sauti ile. Mama yako hatapata kulia mpaka iondoke, nami sikujua pa kuiweka.

Niliomba ruhusa kazini, nikaenda kwetu.

Mama yangu alinipokea kama mgeni wa kanisa. Alinipa kiti cha sebuleni, akaniletea maji kwenye glasi juu ya kisahani. Alikuwa akiniangalia usoni na kusikiliza kwa kichwa cha upande, uso wa mwanawe na sauti ya mwingine, na niliona anaogopa kubaki nami peke yake. Sikumlaumu. Tukakaa uani tukimenya mihogo. Ili tupate la kuzungumza nikamuuliza kuku wangu yuko wapi, yule tembe mweusi niliyemwachia anitunzie, jina lake Tausi.

Mama akasema alimpeleka kanisani sikukuu ya mavuno.

Nikauliza, alimpeleka kutembea? Akasema alimtoa sadaka, akanadiwa, akanunuliwa na mzee wa usharika, na bila shaka sasa ameshaliwa. Akaongeza kuwa Mungu humpenda mtoaji kwa moyo. Bi Rukia, moyo ulikuwa wa kwake na kuku alikuwa wangu. Nilisimama. Kisu kilianguka. Nikamwambia mama yangu maneno ambayo siyaandiki hapa, kuhusu watu wanaotoa sadaka mali za wenzao, kwa sauti kali ya puani iliyosikika mpaka kwa jirani wa tatu, haina pumzi ya kituo wala kikohozi. Nilikuwa katikati ya sentensi nilipoona mama amejifunika uso kwa kanga. Nilidhani nimemliza. Kumbe anacheka, mabega yanaruka, machozi yanamtoka.

Akasema, "Huyo ndiye niliyemzaa. Karibu nyumbani, mwanangu."

Nilikaa siku kadhaa nikigombana naye kwa makusudi ili sauti yangu isipotee tena.

Nilirudi kituoni nikiwa na hofu ya kweli, maana nilikuwa najua ninachokwenda kukipoteza. Nilifunga mlango, nikazima maikrofoni, nikayabishia hodi majina yote kama ulivyonifundisha. Hilo sikuliacha. Ule utulivu baada ya "marehemu" sikuuacha, na "dhambi" yangu imebaki na dh yake. Vile ulivyonipa ni vyangu. Koo tu ndilo nililokurudishia. Taa nyekundu ilipowaka nilivunja desturi yako moja, unisamehe. Nilisema, "Anayewasomea ni Felista, mwanafunzi wa marehemu Bi Rukia." Kisha nikasoma, kwa sauti yangu nyembamba ya Pongwe, majina ya watu.

Shabani hakuvua vifaa vya masikioni. Alinipungia mkono.

Simu zilizoingia zilikuwa za malalamiko. Walitaka yule mwingine arudi. Meneja aliniuliza kama naumwa, na niliposema ni mzima, uso wake ukabadilika. Cheo hakitajwi tena. Kipindi cha vifo nimeachiwa, nadhani ni kwa sababu wengine wanakiogopa. Iliniuma, nisijifanye malaika. Nilikitaka kile kiti kwa miaka mingi, na bado nakitaka. Siku hizi nakitaka kwa jina langu.

Jioni ya siku ile niliyojitaja jina, Saada alinipigia. Alisema mama yenu aliwekewa redio kifuani kama kawaida. Niliposema neno la kwanza aliinua kichwa kutoka kwenye mto. Akaomba sauti iongezwe. Akauliza huyu ni nani, Saada akamjibu ni Felista, yule aliyefundishwa na dada. Hakubisha. Alisikiliza majina yote ya watu wengine mpaka la mwisho, akafunga redio mwenyewe kwa kidole.

Kisha akasema, "Rukia hampi mtu kiti chake akiwa hai." Na baadaye kidogo akauliza, "Mmemlaza wapi?"

Saada hakuweza kuendelea kunieleza. Aliniambia nisikilize mwenyewe, akaisogeza simu kitandani. Mama yako alikuwa amepata nguvu ya kulia. Ule mnong'ono uliokauka ulikuwa umeondoka, koo limefunguka, na alikuwa akikuita kwa jina kwa sauti nzito, tulivu, yenye kikohozi kifupi kabla ya kila "Rukia". Nilishika simu kwa mikono miwili. Ilikuwa sauti ile ile, Bi Rukia. Niliyodhani ni yako, niliyodhani nimekuibia, ilikuwa ya kwake tangu mwanzo, nawe uliipokea kwake. Na sasa alikuwa ameichukua akulilie nayo.

Pumzika, mwalimu. Hitma imeshasomwa. Kesho saa saba nina majina.

Mwanafunzi wako,
Felista